Uchovu Usituzimie Jiko

Sisi tunaokaa nje ya kisiwa cha Mombasa, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, tunajua kwamba kazi haiishi pale mtu anapofunga mlango wa kazini. Wa Likoni angali na kivuko mbele yake, kama walivyokuwa nacho wazee wake tangu 1937 feri zilipoanza kuvusha watu. Wa Kisauni ana foleni ya daraja la Nyali, na wa Changamwe ana msongamano wa Makupa. Mtu hufika nyumbani adhana ya Maghribi imekwisha, miguu imemvimba, na watoto wanamtazama mikononi.

Hapo ndipo jiko linaposhindwa. Ni rahisi kumpa mtoto fedha akimbie barabarani akalete viazi vya karai na mishikaki. Simlaumu afanyaye hivyo mara moja moja, kwani hata mimi navipenda viazi vya karai vyenye ukwaju. Lakini jambo hili likiwa la kila siku, hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni ya mfuko: jumlisha fedha za watu watano kula barabarani juma zima, kisha uulize bei ya mchele, pojo na nazi sokoni Kongowea, utajionea mwenyewe. Ya pili ni ya sinia. Kila mmoja hula kwenye karatasi yake na kwa wakati wake, na sinia lililokuwa likikusanya watu wa nyumba moja hubaki limeegemezwa ukutani.

Wako wasemao kwamba chakula cha Kiswahili hakimfai mtu wa kazi kwa sababu kina mambo mengi. Wanafikiria biriani na pilau, ambavyo ni vyakula vya arusi na Idi. Chakula cha siku za kazi ni kingine kabisa, na bibi zetu waliorudi shambani jioni walikijua vizuri.

Nianze na mseto. Alfajiri, kabla ya kutoka, chagua pojo kikombe kimoja, uzioshe na kuziroweka. Jioni mwaga maji yale, uzibandike kwa maji mapya. Kwa kuwa zimekwisha kulainika, hazitakuchelewesha. Zikianza kupasuka tia mchele vikombe viwili, chumvi na tui jepesi. Likikaribia kukauka mimina tui zito, koroga kwa mwiko, funika na upunguze makaa. Ni sufuria moja na moto mmoja. Tena nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja hukamilishana katika kuujenga mwili, kwa hivyo siku nyama isipopatikana watoto hawakupunjika.

Kitoweo chake kiwe papa au ng'onda, maana kipande kidogo hutosha kukoleza mchuzi wa nyumba nzima. Mseto unapochemka, kitie kipande hicho katika maji ya moto kitoe chumvi, ukioshe, ukichambue. Mseto ukitua, kaanga kitunguu na nyanya, tia samaki wako, tui, na ukwaju au embe mbichi. Asiyependa papa na achukue fungu la mchicha. Mchicha wa nazi haumalizi hata robo saa.

Mbaazi na maharagwe makavu ni wakaidi zaidi. Hayo yachemshe siku ya mapumziko. Usitie nyanya wala ndimu kabla hayajaiva, kwa sababu ukali wake huyazuia kulainika. Wala usikimbilie magadi: yatalainisha upesi, lakini huharibu sehemu ya vitamini iliyomo. Na kwa joto letu hili la Pwani, yahifadhi bila ya tui, kwani tui huchacha haraka. Mwenye friji ayagawe katika vyombo vya siku mbili tatu, na kila jioni atie tui la chombo kimoja tu. Asiyekuwa nayo apike ya usiku ule. Kiporo cha wali wa nazi kilicholala nje usiku kucha kinaweza kumwumiza mtoto tumbo, hata ukikipasha moto vipi.

Jiko nalo lina hesabu yake. Lile lenye udongo ndani, lililoanza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko la bati tupu, kwa vile udongo hushika moto.

Lakini nikiyasema yote hayo na kunyamazia jambo moja, nitakuwa sikuwatendea haki akina mama wenzangu. Kinachommaliza mtu nguvu jioni si moto, ni nazi: kuivunja, kukaa juu ya mbuzi, kukuna, kisha kukamua kwa kifumbu. Na kazi hii tumezoea kumwachia mtu mmoja, hata kama yeye na mumewe wametoka kazini saa ile ile na kuvuka kwa feri ile ile.

Wanaume wa Pwani si wageni jikoni. Pilau ya arusi hupikwa na wapishi wanaume, na jahazini baharia hana mke wa kumpikia. Zaidi ya hayo, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Nani basi aone haya?

Kwangu mimi tumegawana. Kijana wetu huwasha makaa, binti huchambua mchicha, mume wangu hukuna nazi, nami husimamia sufuria. Juma la kwanza mume wangu alikuna mpaka kwenye kifuu, tui likawa rangi ya chai, na watoto wakacheka. Tulilinywa hivyo hivyo katika mchuzi. Siku hizi mkono wake umekuwa mwepesi kuliko wangu.

Baina ya Maghribi na Isha pana wakati wa kutosha kupika mseto na kitoweo chake, maadamu pojo zilirowekwa na nazi ina mtu wa kuikuna. Kesho alfajiri, ukishasali, roweka kikombe kimoja. Na jioni mwite baba watoto, umpishe juu ya mbuzi.