Je, Wajua? Miji 49 na Njia Moja

Je, wajua ya kuwa mnamo mwaka 1954, huko Santa Monica, California, wanahisabati watatu, George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson, waliitafuta njia fupi kupita zote ya msafiri mwenye kuzuru miji 49 ya Marekani, kila mji mara moja tu, kisha akarejea alikoanzia, na wakaipata, ilhali idadi ya njia zinazowezekana ni nambari yenye tarakimu 61?

Hawakuzikagua moja moja, kwani umri wa dunia yenyewe usingetosha. Walianza na sharti jepesi, kwamba kila mji uwe na njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Na kila jibu lilipodhihirisha kasoro, mathalani msafiri kuzunguka baina ya miji michache asitoke humo abadani, waliongeza sharti la kuiharamisha kasoro hiyo, na papo hapo njia mbovu zisizo na hesabu zikatanguka pamoja, pasipo hata moja kutazamwa. Ustadi huo wa kukataa kabla ya kutafuta ndio, kwa rai yangu, johari ya elimu hii ya kutafuta njia fupi, na hata leo baadhi ya programu zinazotafuta njia kama hizo hufuata mwendo huo huo.

Hesabu yao waliifanya kwa mkono.