Swichi ya Gia Otomatiki: Ufundi na Istilahi katika Fizi na Baraka

1.0 Utangulizi

Mji wa Baraka, katika eneo la utawala la Fizi, Kivu ya Kusini, uko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wabembe ni sehemu kubwa ya wenyeji wa eneo hilo, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya mawasiliano mapana. Kwa kuwa Kifaransa ni lugha rasmi ya Kongo, msamiati wa magari umekopwa zaidi kutoka lugha hiyo: shofere, motere, vitesi. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, maneno ya namna hiyo yametokana na Kiingereza: dereva, injini, gia. Vita vya 1996 viliwafanya watu wengi wa Fizi kukimbilia Kigoma, na kuanzia 2005 maelfu yao walirejeshwa kwa meli hadi Baraka. Kwa hiyo misamiati hii miwili inaweza kukutana juu ya gari moja bovu. Makala haya yanafafanua kifaa kimoja ambacho kutoelewana juu yake kunaweza kuua mtu.

2.0 Swichi na kazi yake

Katika gari kuukuu la gia otomatiki, waya mnene hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye stata. Waya mwembamba wa kuamrisha hupitia swichi ya ufunguo, kisha swichi ya gia, ndipo ufike kwenye sumaku-umeme ya stata. Swichi ya gia huunganisha njia hiyo mkono wa gia unapokuwa P (kuegesha) au N (gia huru) tu. Ukiwa R au D, njia hukatika na injini haiwaki. Katika magari mengi swichi hiyo ina jozi ya pili ya nyaya, ambayo huwasha taa za nyuma mkono unapokuwa R.

3.0 Kutafuta hitilafu

Kwanza, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe mawe. Betri na vichwa vyake vikaguliwe kabla ya kuilaumu swichi. Pili, kama gari linawaka katika N lakini haliwaki katika P, huenda swichi imehama mahali pake au viungo vya mkono wa gia vimelegea. Skrubu zilegezwe na swichi irekebishwe. Tatu, itumike taa ya kupimia, waya wake mmoja ukiwa kwenye bodi ya gari. Mkono ukiwa P na ufunguo ukishikiliwa kwenye kuwasha, mambo matatu yanaweza kutokea:

(a) Taa haiwaki kwenye waya unaoingia katika swichi: hitilafu iko nyuma, upande wa ufunguo.
(b) Inawaka kwenye waya unaoingia, haiwaki kwenye unaotoka: swichi ni mbovu au haikukaa sawa.
(c) Inawaka kwenye nyaya zote mbili: hitilafu iko mbele, upande wa stata.

Kuziunganisha nyaya hizo mbili ili kuikwepa swichi ni kipimo cha dakika moja, si matengenezo. Gari lililoachwa hivyo linaweza kuwaka likiwa katika D na kumkanyaga aliyesimama mbele yake.

4.0 Tatizo la istilahi

Kifaransa huiita gia huru *point mort*, yaani "nukta iliyokufa". Fundi akiitafsiri neno kwa neno na kusema "gia imekufa", msikilizaji wa Kigoma ataelewa kwamba gia imeharibika. Naye aliyezoea kusema gari liko "fri" huenda asieleweke Baraka. Hapa herufi zina manufaa kuliko maneno, kwani P, R, N na D hazibadiliki pale msemaji anapobadili lugha.

5.0 Hitimisho

Usanifishaji wa istilahi za ufundi hauna budi kuanzia karakana, si kamusi pekee. Istilahi "gia huru" inaweza kufaa, ingawa neno "gia" lenyewe limetokana na Kiingereza na huenda likahitaji kufafanuliwa Baraka. Kipimo cha mwisho cha kazi ya fundi ni kimoja: mguu ukiwa juu ya breki, gari likatae kuwaka katika R na katika D.