Safari ya Muswada Hadi Kuwa Sheria Nchini Uganda

Askari wa jeshi na polisi huitekeleza sheria kila siku, walakini ni wachache miongoni mwao wanaoelezwa jinsi inavyotungwa. Amri ya kumkamata mtu, ya kuzuia mkutano au ya kumfikisha mshtakiwa mbele ya mahakama hutokana na maneno yaliyopitishwa Bungeni mjini Kampala. Maneno hayo yakiwa na kasoro, taabu yake humwangukia kwanza askari aliyesimama barabarani akiyatii. Kwa hiyo yafaa tuifuate safari ya muswada hatua kwa hatua, kisha tupime kama inakwenda sawa.

HATUA ZENYEWE

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 1995, Bunge hutunga sheria kwa kupitisha miswada ambayo baadaye huidhinishwa na Rais. Miswada mingi huanzia wizarani. Baraza la Mawaziri hukubali misingi yake, wanasheria wa Serikali huandika vifungu, kisha muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mbunge mmoja pia ana haki ya kuleta muswada wake binafsi. Hata hivyo, Ibara ya 93 humkataza kuleta jambo la kutoza kodi au la kuutwisha gharama Mfuko Mkuu wa Serikali. Hayo ni ya Serikali peke yake.

Muswada unaposomwa mara ya kwanza haujadiliwi. Hupelekwa kwenye kamati inayohusika, na ile ya jeshi na polisi ni Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani. Kanuni za Bunge huipa kamati muda wa siku 45 kuchunguza, kuwaita wataalamu, kuwasikiliza raia na wakuu wa vyombo vya dola, na kuandika taarifa. Katika kusomwa mara ya pili Bunge hujadili misingi ya muswada. Halafu wabunge wote hukaa kama kamati na kupitia kifungu kimoja kimoja, na mwisho muswada husomwa mara ya tatu na kupitishwa.

Baada ya hapo Rais ana siku 30. Aweza kuuidhinisha, kuurudisha Bungeni ufikiriwe tena, au kumwarifu Spika kwa maandishi kwamba anaukataa. Akinyamaza mpaka siku hizo zikaisha, Katiba humhesabu kuwa ameidhinisha. Na muswada aliourudisha ukipitishwa kwa mara ya tatu na theluthi mbili ya wabunge wote, huwa sheria bila ya sahihi yake.

JE, UTARATIBU HUU UNAFAA?

Katika maandishi utaratibu huu ni mzuri. Hakuna mtu mmoja awezaye kutunga sheria peke yake, na kila hatua imewekwa ili ile iliyotangulia ikaguliwe. Hata jeshi lina wawakilishi 10 Bungeni. Ila matendo hayakuwiana na maandishi nyakati zote.

Kasoro ya kwanza ni akidi, yaani idadi ya wabunge wanaotakiwa kuwapo wakati wa kupiga kura. Mwezi Agosti 2000 Mahakama ya Katiba ilibatilisha Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 1999 kwa kuwa ilipitishwa bila akidi. Tarehe 1 Agosti 2014 mahakama hiyo ilibatilisha kwa sababu iyo hiyo Sheria ya Kupinga Mapenzi ya Jinsia Moja, iliyopitishwa Desemba 2013, pasipo kuamua lolote juu ya yaliyomo ndani yake. Katika muda wa miaka kumi na minne Bunge lilijikwaa mara mbili kwenye jiwe lile lile.

Kasoro ya pili inawagusa polisi hasa. Mwezi Mei 2008 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 32(2) cha Sheria ya Polisi, kilichompa Inspekta Jenerali uwezo wa kupiga marufuku mikutano. Mwaka 2013 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Utulivu wa Umma, ambayo kifungu chake cha 8 kiliurudisha uwezo unaofanana na ule. Tarehe 26 Machi 2020 mahakama ikakibatilisha nacho. Kwa miaka ipatayo saba askari waliamriwa kutawanya watu kwa kifungu ambacho baadaye kilionekana kuwa kinyume cha Katiba. Lau onyo la mwaka 2008 lingezingatiwa katika kamati, askari hao wasingewekwa mahali pale.

Kasoro ya tatu ni haraka. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Muswada wa kuirekebisha Sheria ya Jeshi uliletwa Bungeni tarehe 13 Mei na kupitishwa tarehe 20 Mei, kisha Rais akauidhinisha mwezi Juni. Sheria hiyo inaruhusu raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi kwa masharti maalumu. Walioiunga mkono walisema imejibu hoja za mahakama. Wapinzani walikanusha, wakatoka nje ya ukumbi. Lolote litakaloamuliwa juu yake, juma moja ni muda mfupi mno kwa jambo linalogusa uhuru wa raia na heshima ya askari atakayeketi kama hakimu.

LUGHA YA SHERIA

Tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyoagiza kwa sheria. Kambini Kiswahili ndicho lugha ya kazi tangu zamani, lakini miswada na sheria bado huandikwa kwa Kiingereza. Basi askari hutakiwa kutii maandishi ambayo pengine hakuwahi kuyasoma kwa lugha anayoielewa barabara.

Dawa haihitaji katiba mpya. Spika ahesabu wabunge kabla ya kura. Kamati itumie siku zake na kusoma hukumu za mahakama. Na sheria zinazohusu vyombo vya ulinzi zifasiriwe kwa Kiswahili na kufundishwa vyuoni. Naye ofisa apokeapo sheria mpya awaeleze walio chini yake kifungu gani kinawapa uwezo, na uwezo huo unakomea wapi.