Tarakilishi, Hesabu na Fedha: Tuchague Chuo Gani?

Tulipokuwa tukichagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili, almanusura niiache Fizikia. Ilikuwa imenichosha, tena somo la Biashara lilionekana mteremko. Aliyeniokoa ni binamu yangu, ingawa mwenyewe hakukusudia.

Binamu alitamani ile kazi ya kutumia hesabu na tarakilishi kukadiria bei katika masoko ya fedha. Akajiunga na chuo kimoja mjini kwa kuwa tangazo lake lilikuwa na neno "tarakilishi" kwa herufi kubwa. Miaka miwili mizima hakufundishwa uwezekano hata siku moja! Alichojua ni kufungua mashine na kuifunga. Ada shangazi aliikopa kwenye chama chao cha akina mama, na mpaka leo angali analipa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi? Tuseme gunia la mahindi leo ni shilingi 4,000. Mfanyabiashara anahofia litapanda. Basi anamlipa mkulima pesa kidogo sasa hivi, apate haki ya kulinunua kwa shilingi 4,000 ifikapo Desemba, hata kama sokoni litakuwa 6,000. Bei ikishuka, anaachana na haki hiyo na kupoteza kile kidogo tu. Sasa niambieni: haki hiyo ina thamani gani leo? Huwezi kusema 2,000, kwani ya Desemba nani ayajuaye? Inategemea muda uliobaki, riba, na hasa jinsi bei inavyorukaruka. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha fomula ya kulijibu swali hilo, naye Robert Merton akaiendeleza. Scholes na Merton walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Black alikuwa ameaga dunia mwaka 1995. (Mwaka 1998 kampuni ambayo wawili hao walikuwa washirika wake, Long-Term Capital Management, ilipoteza zaidi ya dola bilioni 4. Msidhani hesabu ni uganga!)

Wanachama wa Kiswahili mtalipenda hili. Mwaka 1993 Jim Simons, mwanahisabati aliyeanzisha kampuni ya Renaissance huko Marekani, aliwachukua Peter Brown na Robert Mercer kutoka IBM. Unadhani walikuwa wahasibu? Wapi! Walikuwa wakiifundisha tarakilishi kutafsiri Kifaransa kwa Kiingereza kwa kutumia uwezekano. Baadaye waliiongoza kampuni hiyo. Brown alipata shahada ya uzamifu ya tarakilishi Carnegie Mellon, Mercer akaipata Chuo Kikuu cha Illinois.

Kwa hivyo, ukishika orodha ya masomo ya chuo, usitafute neno "fedha". Hilo utajifunza kazini. Tafuta uwezekano, takwimu, matriki na kalkulasi, kisha uulize: mwanafunzi wa tarakilishi anaruhusiwa kuyasoma hadi mwaka wa ngapi? Yakikoma mwaka wa kwanza, geuka urudi nyumbani. Uliza pia kama wanafunzi huandika programu wenyewe, kwa C++ au Python, ama hukariri tu maelezo ubaoni. Nadhani hili la pili wengi hulisahau.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Nairobi kina sayansi ya tarakilishi na pia hesabu za bima, na Strathmore kina shahada ya uhandisi wa fedha, lakini hicho ni cha kibinafsi na ada yake si mchezo. Mimi ningechagua sayansi ya tarakilishi kuliko kozi yenye jina la fedha, maana anayejua kuandika programu akikosa kazi ya soko atapata nyingine. Hapo ndipo Fizikia inaporudi: KUCCPS wanapopanga wa tarakilishi, huangalia Hisabati na Fizikia kabla ya mengine. Soko letu la hisa nalo lilifungua mwaka 2019 kitengo cha mikataba ya bei za baadaye kiitwacho NEXT, ila bado ni kichanga, na kazi nyingi za aina hii ziko New York, Chicago na London.

Ng'ambo je? Hapa pesa ndiyo huamua. MIT hukubali mwanafunzi bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, hata akiwa mgeni, kisha humsaidia kulingana na hali ya kwao. Lakini ni lazima ufanye mtihani wa SAT au ACT, nao ushindani ni moto wa kuotea mbali. Carnegie Mellon, pamoja na sifa zake zote, hakiwapi wageni msaada wa fedha kwa shahada ya kwanza. Tawi lake la Kigali, ambalo wengi hulitaja, ni la shahada ya uzamili, basi litungoje kwanza.

Nilipomweleza mama haya yote, aliuliza jambo moja tu: "Na huo mtihani wa SAT ni pesa ngapi?" Nikamtajia. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga, kisha akasema nimkumbushe mwezi ujao zamu yake ya chama itakapofika.