Mwaka wa tetemeko una miezi 12

Mwezi wa kumi ukiingia, sisi wa Bukavu tunahesabu tarehe kwa vidole. Tarehe 4, mwaka 2000: Mgr Emmanuel Kataliko alifariki kule Roma, hata mwezi haujaisha toka arudi kutoka uhamisho wa Butembo. Tarehe 5, mwaka 2018: habari ilifika kama Daktari Denis Mukwege amepewa Nobel ya amani, pamoja na Nadia Murad wa Irak. Tarehe 29, mwaka 1996: Mgr Christophe Munzihirwa aliuawa pale Nyawera.

Wachimbaji nao wako na mwezi wao, ule wa tisa. Tarehe 9, mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha kazi ya migodi mu Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Tarehe 11, mwaka 2020, mvua kubwa ilijaza maji mu mashimo ya Kamituga, na watu karibu 50 wakabaki chini.

Kwa hizo tarehe kubwa njo tunapima umri wa watoto wetu. Huyu tunasema alizaliwa wakati wa vita ya Mutebusi, ni kusema 2004. Yule ni wa mwaka wa tetemeko. Tetemeko lilipiga tarehe 3 mwezi wa pili 2008. Lakini mtoto wa mwaka ule alizaliwa mwezi gani? Wa pili ama wa kumi na mbili? Hapo kati kuna karibu mwaka muzima.

Mu mgodi, huo mwaka ni kitu. Sheria inakubali mchimbaji mwenye miaka 18 na zaidi, tena mwenye carte yake. Kijana wa 17 asiye na karatasi, akisema ametimiza, PDG wa shimo atamkatalia na nini? Na baba akibaki chini ya udongo, mtoto ataonyesha nini ya kusema huyu alikuwa baba yangu?

Daktari Mukwege alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tatu 1955, hapa hapa Bukavu. Dunia nzima inaijua. Ya mtoto wako, hata wewe mwenyewe unaikisia.

Sheria inapana siku 90 toka kuzaliwa. Ndani ya hizo siku, kuandikisha mtoto ni bure. Zikipita, inaomba kupitia tribunal kutafuta jugement, na hapo njo safari na gharama zinaanza. Sisi wa Nyalukemba tunaenda ku commune ya Ibanda, na karatasi ya maternité mkononi. Mama anaweza kwenda peke yake. Baba akiwa bado Kamituga, asimungoje ashuke. Siku 90 hazingoji.