Kurudi nyumbani na kontena: daftari kwanza, meli baadaye

Mtu aliyeishi Uingereza miaka mingi akikata shauri kurudi Dar es Salaam au Mombasa, swali lake la kwanza huwa hili: kontena bei gani? Ni swali la haki, ila likitangulia mengine yote humtia mtu hasarani. Bei ya meli utaijua siku hiyo hiyo unayopiga simu. Kinachomaliza akiba ya watu ni yale yanayowakuta bandarini: ushuru ambao wangeweza kusamehewa, tozo za hifadhi zinazopanda kila siku huku wakala wa forodha akisubiri karatasi, gari linalokataliwa kwa umri wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa anayehama na nyumba nzima, daftari hilo lifunguliwe walau mwaka mmoja kabla ya safari.

Sababu ya mwaka mmoja imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru mtu anayehamishia makazi yake katika nchi mwanachama. Msamaha huo unahusu vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia na gari moja. Basi dogo lenye viti zaidi ya 13 halimo, wala gari la mizigo linalobeba zaidi ya tani 2. Gari lenyewe uwe umelimiliki na kulitumia huko ulikokuwa kwa miezi 12 au zaidi, na siku za baharini hazihesabiwi. Aliyenunua gari mwezi Machi akalipakia melini Oktoba, msamaha umempita.

Kuna na saa nyingine inayohesabu. Mzigo unatakiwa uingie ndani ya siku 90 tangu mwenyewe ufike. Kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda, hadi siku 360, lakini kwa kuombwa. Hapo ndipo habari za bahari zinapomhusu hata mwenye kabati na vitanda tu. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli ziliacha Mfereji wa Suez zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari zikarefuka. Panga tarehe zako ukiacha nafasi ya kutosha.

Kenya ina masharti yake juu ya hayo. Anayerejea awe ameishi nje kwa miaka miwili au zaidi. Gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na likaguliwe huko huko kabla ya kupanda meli. Miaka hiyo minane huhesabiwa kwa kufika bandarini: gari lililosajiliwa mwaka 2018 lilitakiwa liwe limeingia Mombasa kabla mwaka 2025 haujaisha. Tanzania haifungi mlango kwa namna hiyo, lakini gari kuukuu lina ushuru wa uchakavu, nao unapanda kadiri umri unavyopanda. Uliza kiasi chake kabla hujalipa nauli ya meli.

Ushahidi wa umiliki huwaponyoka wengi. Kitabu cha usajili cha Uingereza, V5C, kimeandikwa waziwazi kwamba aliyetajwa humo ndiye mtunzaji aliyesajiliwa, na kwamba hilo si uthibitisho wa kulimiliki gari. Kwa hiyo tunza stakabadhi ya ununuzi, hati za bima na vyeti vya ukaguzi wa kila mwaka, vyote kwa jina lako. Sehemu ya V5C inayohusu kusafirisha gari moja kwa moja nje ya nchi hujazwa ikapelekwa DVLA, wakala wa usajili wa magari wa huko. Kitabu kilichobaki usafiri nacho.

Sasa tuje kwenye maboksi. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa takribani mita 5.9. Gari dogo la kawaida lina kama mita 4.5, kwa hiyo kinachobaki mbele yake ni nafasi ya maboksi na baiskeli za watoto. Mwenye gari pamoja na samani za vyumba vitatu anahitaji futi 40, au apeleke gari peke yake kwa meli za magari, zile linakoingia likiendeshwa. Huko mara nyingi hawapokei gari lililojazwa vitu, na kisichofungwa huishia mikononi mwa watu.

Kila boksi lipe namba, kisha namba hiyo uiandike kwenye orodha pamoja na kilichomo: "Boksi 14: sufuria 3, sahani 12, blenda 1, vyote vimetumika." Anayeandika "vyombo vya jikoni, maboksi 20" anamwalika afisa wa forodha ayafungue yote 20, na akidai fidia hana cha kuonyesha. Televisheni na friji ziandikie hata namba za kiwandani.

Unyevu nao haufichiki. Kontena likifungwa wakati wa baridi, ule unyevunyevu wa mbao na maboksi unabaki ndani. Likifika kwenye joto unageuka mvuke, na bati la juu likipoa usiku mvuke hugeuka matone yanayodondokea magodoro. Funga siku kavu, tundika mifuko ya kufyonza unyevu, na usipakie kitu kibichi, hata zulia lililofuliwa jana.

Bima wengine huiona anasa. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kwa siku sita, na hata baada ya kunasuliwa ilizuiliwa Misri hadi Julai. Mwenye meli alitangaza uchangiaji wa hasara kwa pamoja, desturi ya kale ya baharini ambayo kwayo gharama za kuiokoa meli hugawanywa kati ya mwenye meli na wenye mizigo wote kulingana na thamani ya mali zao. Aliyekuwa na bima, bima ilisimama badala yake. Asiyekuwa nayo hutakiwa kuweka dhamana kabla ya kupewa mzigo wake, hata kama haukupata mkwaruzo. Soma pia maandishi madogo: bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani ya boksi ulilolifunga mwenyewe.

La mwisho ni jina. Ndugu wengi hujitolea kupokea mzigo, na hati ya shehena ikaandikwa jina la kaka au shemeji aliyeko karibu na bandari. Ni wema, lakini msamaha ni wa yule anayehamisha makazi, na anapewa kwa pasipoti yake na ushahidi wa miaka yake ya ughaibuni. Shemeji hana vitu hivyo. Hati iandikwe jina lako, kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, nawe uwe umefika kabla ya meli. Ndugu wakusaidie kushusha kabati. Sahihi iwe yako.