KIPINDUPINDU: KWA NINI TUMPE MAJI MTU ANAYEHARISHA MAJI?

Kila msimu wa kuharisha unapoingia wazazi huuliza swali lile lile: "Mtoto anatoka maji matupu, nimwongezee maji mengine ya nini?" Swali hilo lina mantiki yake, lakini kwa sababu yake wagonjwa wengi wamenyimwa maji hadi wakakauka na kufa. Ili kulijibu vizuri yatubidi tuingie ndani ya utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, tuone bakteria wake wanafanya nini hasa.

Bakteria hao huingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi huuawa na asidi ya tumbo. Wanaonusurika hufika kwenye utumbo mwembamba, huogelea kwa mkia wao kupita katika ute unaofunika ukuta wa utumbo, kisha hujishikiza hapo kwa vinyuzi vyembamba. Ajabu ni kwamba hawatoboi ukuta huo, wala hawaingii ndani ya seli za mgonjwa. Hubaki nje, na kutoka huko nje hutoa sumu. Mwaka 1959 mtafiti wa Calcutta, Sambhu Nath De, alionyesha kwamba majimaji walimooteshwa bakteria hao, hata baada ya bakteria wenyewe kuchujwa na kuondolewa, yalitosha kuufanya utumbo wa sungura ujae maji.

Sumu yenyewe ni protini yenye sehemu sita. Tano zimejipanga kama pete, na kazi yao ni kushika tu. Juu ya ngozi ya seli za utumbo kuna aina ya mafuta yaliyoungana na sukari, iitwayo GM1. Pete ile huitambua na kuinata. Seli nayo, bila kujua, huimeza sumu kama inavyomeza vitu vingine. Ikiwa ndani, kipande cha ile sehemu ya sita hujitenga na kuiendea protini moja ambayo hufanya kazi kama swichi ya taa: huwashwa, kisha hujizima yenyewe. Kipande hicho huipachika kemikali ndogo, na swichi haizimiki tena. Hapo seli hufurika ujumbe wa kemikali uitwao saikliki AMP, na ujumbe huo hufungua milango ya kloridi, ambayo ni nusu moja ya chumvi tunayokula. Kloridi hutoka, sodiamu huifuata, na penye chumvi maji nayo hukimbilia. Mtu mzima aweza kupoteza hata lita moja kwa saa. (Mwaka 1996 iligundulika kwamba bakteria hawa hawakuitunga sumu hiyo wenyewe: maelekezo ya kuitengeneza waliletewa na kirusi kinachowashambulia wao!)

Sasa tuje kwenye habari njema. Katika seli zile zile upo mlango mwingine, ambao sumu haiugusi kabisa. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba sukari aina ya glukosi huingia mwilini ikiongozana na sodiamu. Mlango huo huzipitisha mbili pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Soda na vinywaji vitamu sana navyo havifai, kwani sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliwapiga wakimbizi waliokuwa Bangaon, nchini India. Dripu zilipopungua, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi na ndugu zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takribani 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi, mama, usishangae mtoto akiendelea kuharisha baada ya kunywa. Maji haya hayafungi tumbo. Yanarudisha kinachopotea, mpaka zile seli zilizoshikwa na sumu zibanduke na nyingine mpya zichukue nafasi yake. Hilo huchukua siku chache tu, ila bila maji mgonjwa hazifikii siku hizo.

Paketi ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge. Usikisie chumvi, maana ikizidi ni hatari kwa mtoto. Anayenyonya aendelee kunyonya, na zahanati itampa pia vidonge vya zinki. Macho yakiingia ndani, ngozi ikifinywa hairudi upesi, au mgonjwa akilegea asiweze kunywa, huyo anahitaji dripu bila kuchelewa. Kama bado anaweza kumeza, mnyweshe njiani. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole, kijiko kwa kijiko. Yakibaki baada ya saa 24, yamwage na uchanganye mengine.